Jicho la Mgeni, Mkono wa Fundi

Katika machimbo ya dhahabu ya Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mnunuzi mdogo hana mashine. Ana mizani ya mkono yenye visahani viwili, na mawe yake ya kupimia ni njiti za kiberiti na sarafu kuukuu ambazo hazinunui kitu tena. Mchimbaji humimina vumbi lake katika kisahani kimoja, mnunuzi huweka njiti katika kingine, kisha wote wawili hunyamaza. Upepo ukija, wanausubiri upite. Mkono ukitetemeka, kazi inaanza upya. Kila nikiitazama kazi hii naondoka na somo lilelile: kupima kunataka utulivu, na hata chombo hafifu husema kweli kikishikwa na mtu makini na mwaminifu.

Yupo mpimaji mwingine ambaye sifa zake hazisikiki sana huku kwetu Djugu, sehemu ya Ituri, ingawa tunamhitaji. Ni mchumi wa maendeleo ya maeneo: yule anayefika mahali akauliza watu wanaishi kwa kazi gani, fedha inaingia kwa mlango upi na kutoka kwa upi, nani anathubutu kuanzisha shughuli mpya na nini kinamkwamisha. Anachokipima hakitulii kwenye kisahani. Kinapanda pikipiki, kinavuka ziwa usiku, kinafungwa kwenye pindo la kitenge. Ndiyo maana ufundi huu huchukua umri mzima kuujua. Mimi nimeuelewa kwa kufuatilia maisha ya mtu mmoja, Hans Singer, ambaye alikuwa mkimbizi kabla ya kuwa mchumi mashuhuri.

Singer alizaliwa mwaka 1910 huko Elberfeld, mji wa viwanda magharibi mwa Ujerumani, katika familia ya daktari wa Kiyahudi. Alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Bonn alimsikiliza Joseph Schumpeter akifundisha, na masomo yale yakamteka. Schumpeter, mzaliwa wa Austria-Hungaria, alisema kwamba mwenye kuusukuma uchumi ni mtu anayechukua vitu vilivyokwisha kuwapo na kuviunganisha kwa namna ambayo hakuna aliyeijaribu. Vijana wa Nairobi, Kigali na Kinshasa wanaozungumza leo juu ya kampuni changa wanalima shamba lililofyekwa na mwalimu huyo.

Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka, na Myahudi kijana hakuwa na mahali tena katika vyuo vya Ujerumani. Singer alikimbia. Alipitia Uturuki, na kwa msaada wa Schumpeter akapokewa Cambridge, Uingereza, alikokuwa John Maynard Keynes. Mwaka 1936 akatunukiwa shahada ya udaktari. Alikuwa amepoteza nchi na lugha ya nyumbani, naye alikuwa amesoma kwa walimu wawili wakubwa kuliko wote wa fani yake wa zama zile. Angeweza kubaki maktabani. Badala yake akakubali kazi ya kwenda kukaa na watu wasio na kazi.

Hapo ndipo ninapoanza kumwona kama fundi. Mfuko wa hisani uitwao Pilgrim Trust ulitaka kuelewa maisha ya Waingereza waliokosa ajira kwa mwaka mzima au zaidi. Singer na wenzake wachache walipewa miji sita ya kuchunguza, miongoni mwake Crook na Rhondda, sehemu za machimbo ya makaa ya mawe, pamoja na Leicester na Deptford ambako kazi hazikuwa adimu kiasi hicho. Singer aliishi katika nyumba za watu hao. Walichunguza bajeti ya familia kitu kwa kitu, mkate, kodi, viatu vya watoto, na wakaona kwamba fedha ikipungua, mama ndiye anayekuwa wa kwanza kupunguza sahani yake. Kitabu chao, Men Without Work, kilitoka mwaka 1938.

Fikiria ugumu wa kazi ile. Mgeni mwenye lafudhi ya Kijerumani anabisha mlango wa mchimba makaa aliyeaibishwa na kukaa bure, na anamwomba amfungulie hesabu za nyumba yake. Mwenye nyumba hatafungua kwa sababu mgeni ana barua ya mfuko fulani. Atafungua akiona kwamba huyu anayeuliza hana haraka, na kwamba atasikiliza hata jibu lisilomo kwenye fomu. Wanaofanya utafiti huku kwetu wanalijua jambo hili. Karatasi ya maswali hujazwa kwa nusu saa, lakini ukweli huja pale unapoikunja ukakaribishwa chai.

Walichogundua ni cha thamani hadi leo. Neno moja, “hana kazi”, halikuwa na maana moja katika miji ile. Deptford, asiye na kazi alikuwa mtu mmoja aliyekwama kati ya majirani wanaokwenda kazini. Crook, shimo la makaa lilikuwa limefungwa, na mji mzima ulikuwa umesimama: baba, jirani, mwenye duka, mshonaji. Mtu wa kwanza anaweza kusaidiwa kwa mafunzo au kwa nauli ya kwenda kutafuta. Wa pili hasaidiki peke yake, kwa kuwa kilichougua ni mahali. Kazi yote ya maendeleo ya maeneo imesimama juu ya tofauti hiyo. Mchumi asiyeiona atatoa dawa moja kwa wagonjwa wawili.

Mwaka 1940, vita vilipokuwa vimepamba moto, Uingereza ilimfunga Singer kwa majuma kadhaa pamoja na Wajerumani wengine, kana kwamba aliyemkimbia Hitler angeweza kuwa jasusi wake. Keynes alisaidia atolewe. Alirudi kazini, na mwaka 1947 akajiunga na Umoja wa Mataifa uliokuwa mchanga bado, akautumikia kwa miaka 22. Huko akafanya kipimo cha pili, mara hii si cha nyumba bali cha dunia. Alichukua takwimu za bei za tangu miaka ya 1870 akaziweka mizani: upande huu kahawa, pamba na madini ya nchi maskini, upande ule mashine na nguo za nchi za viwanda. Akaona kwamba kwa muda mrefu kisahani cha mazao ghafi kilikuwa kikipanda juu kwa wepesi. Magunia yaleyale yalinunua bidhaa chache zaidi. Raúl Prebisch wa Argentina alifikia hoja hiyohiyo wakati huohuo, na hadi sasa wanafunzi wa uchumi huijifunza kwa majina ya wote wawili.

Katika makala aliyoichapisha mwaka 1950, Singer alisema jambo jingine ambalo mtu wa Djugu akilisoma atadhani liliandikwa kwa ajili yake. Alieleza kwamba migodi na mashamba makubwa ya wageni katika nchi maskini yalikuwa sehemu ya nchi hizo kwenye ramani tu. Kiuchumi yalikuwa vipande vya nchi za wenye mtaji. Faida, ujuzi na ajira za viwandani ziliota kule madini yalikokwenda.

Sasa geuza macho uyatazame machimbo ya Kilo, huku kwetu Djugu. Dhahabu ilipatikana huko mwaka 1903, na kwa miaka mingi jina la Kilo-Moto lilijulikana Brussels kuliko jina la chifu yeyote wa huku. Mwaka 1926 iliundwa kampuni ya migodi, na baada ya uhuru ikawa ya serikali. Zaidi ya karne moja ya kuchimba imepita. Mtu akisimama leo Mongbwalu, mji wa machimbo hayo, akauliza ni kiwanda kipi kilizaliwa na dhahabu hiyo, shule ipi ya ufundi, karakana ipi ya vito, atapata jibu fupi. Singer hakuiandikia Kilo, lakini alitupa macho ya kuiona. Alitufundisha kwamba utajiri wa ardhini si uchumi. Uchumi ni viungo: nani anauza sururu, nani anazifua, nani analisha wachimbaji, na fedha ya jioni inalala wapi.

Kazi yake iliyonigusa kuliko zote aliifanya hapa Afrika Mashariki, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 60. Alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Sussex, na Shirika la Kazi Duniani likamwomba yeye na Richard Jolly waongoze ujumbe wa wataalamu kwenda Kenya. Serikali ilitaka kujua nini cha kufanya kuhusu ukosefu wa ajira. Ripoti yao ilitoka mwaka 1972.

Ujumbe huo ulikuta nchi iliyokuwa ikijihesabu kwa nusu jicho. Vitabu vya serikali vilimhesabu mfanyakazi mwenye mwajiri na hati ya mshahara. Fundi aliyekuwa akigeuza mapipa kuwa majiko, mwenye cherehani barazani, mwuza mboga, seremala wa kando ya mto, hao hawakuwamo. Walikuwa wakiitwa wazururaji, na jiji la Nairobi lilikuwa likibomoa vibanda vyao. Singer na wenzake walikwenda kuwatazama. Hawakuwa wa kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wameanza kuliangalia suala hilo, na Keith Hart, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa na wahamiaji katika mtaa wa Nima mjini Accra, alikuwa ametoa neno la kuwaita: sekta isiyo rasmi. Fundi mzuri anajua kupokea chombo kutoka mkono wa mwenzake, na ripoti ya Kenya ililichukua neno hilo ikalipeleka duniani kote.

Lakini ukuu wa ripoti haukuwa katika neno. Ulikuwa katika hukumu yake: watu hawa wana kazi, wanazalisha, wanapata faida ijapokuwa ndogo, wanatumia malighafi ya hapa na wanafundishana wenyewe kwa wenyewe bila kuigharimu serikali. Tatizo la Kenya, ripoti ilisema, si watu kukaa bure tu. Ni watu kufanya kazi mchana kutwa na kubaki maskini. Mapendekezo yake kuhusu mafundi hawa yalikuwa ya kawaida kiasi cha kushangaza. Acheni kubomoa. Punguzeni leseni zisizo na maana. Serikali na kampuni kubwa zinunue kwa mafundi wadogo. Hakuna bwawa wala mnara uliopendekezwa hapo. Ni kama mtu aliyeondoa kidole cha wenye nguvu kwenye kisahani cha mizani, ili kipimo kiwe sawa.

Ufundi huu hudai uvumilivu usiojua makofi. Baada ya 1972 vibanda viliendelea kubomolewa. Miaka kumi na mitatu ilipita kabla ya Rais Moi kuwatembelea mafundi wa Kamukunji, mwaka 1985, na kuagiza wajengewe mabanda ya kuwakinga na jua. Jina jua kali, walilojiita wenyewe, likaingia katika nyaraka za serikali. Mwaka 1992 ukatoka waraka rasmi wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali, na mwaka 2012 Kenya ikapata sheria ya biashara ndogo. Miaka arobaini, kutoka ripoti hadi sheria. Singer alikwisha fariki mwaka 2006, akiwa na miaka 95. Malkia wa nchi iliyowahi kumfunga alikuwa amempa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1994.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeutafakari sana msemo huu nikiyawaza maisha ya Singer. Mgeni anaponyaje? Kwa macho yake. Mwenyeji amezoea kumwona mfua majiko hadi hamwoni tena, lakini mgeni anamwona. Na mgeni aliyewahi kukimbia anaona zaidi, kwa maana anajua jinsi inavyokuwa kutohesabiwa. Simaanishi kila mgeni. Tumewaona wengi wakija na gari na majibu yao tayari. Nasema yule anayekuja akaketi kwanza.

Ufundi huo haukufa naye. Upo ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Mwanzoni mwa 2018, mauaji yalipoikumba Djugu, makumi ya maelfu ya watu wetu waliingia mitumbwini wakavuka Ziwa Albert hadi Sebagoro nchini Uganda, na wengi wakapelekwa katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Miaka michache kabla ya hapo, Alexander Betts, Naohiko Omata na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuwa wamefanya utafiti Kyangwali, Nakivale na Kampala. Waliwafundisha wakimbizi wenyewe kazi ya kuuliza na kuandika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Katika jiji la Kampala, asilimia 21 ya wakimbizi waliendesha biashara iliyomwajiri angalau mtu mmoja mwingine, na kati ya waajiriwa hao, asilimia 40 walikuwa Waganda. Mkimbizi aliyedhaniwa mzigo alikuwa akimlipa mwenyeji mshahara. Ni kipimo kilekile cha Nairobi 1972, na kimefanywa kwa mkono uleule wa subira.

Basi na Djugu je? Nianze na yule anayeitwa PDG katika machimbo yetu, mwenye kusimamia shimo. Yeye hulisha wachimbaji, hununua sururu na mafuta ya pampu, miezi na miezi, kabla ya kujua kama chini kuna kitu. Shimo likijibu, mavuno hugawanywa kwa mafungu yaliyokubaliwa. Likikauka, amepoteza. Hiyo ni kanuni ileile ya mtaji unaotafutwa na kampuni changa za Nairobi: mtu anagharimia wazo ambalo halijatoa matunda, akitegemea fungu lake. Tunayo huku tangu zamani. Kinachohitaji mpimaji ni upande wa pili wa mizani, deni linalomwelemea mchimbaji mwaka hadi mwaka. Anayeijua hesabu ya shimo kwa undani ndiye atakayejua mahali pa kuipinda ili imfae aliye chini.

Kisha kuna likelemba ya akina mama sokoni, wanaochangishana kila juma na kumpa mmoja wao zamu yake. Hiyo ni benki isiyo na jengo. Kuna Tchomia, kando ya ziwa, na samaki wake. Mpimaji mzuri hataanza na samaki. Ataanza na chumvi. Chumvi ya kumhifadhi inatoka wapi na kwa bei gani? Nyavu zinashonwa na nani? Mbao za mtumbwi zilikatwa msitu upi, na injini ikizima katikati ya ziwa, yuko wapi fundi wa kuifungua? Kila jibu ni mlango wa shughuli mpya, au ni tundu ambamo fedha ya Djugu inavujia nje. Kuna viazi na maharagwe ya nyanda za juu, na kuna Iga-Barrière, soko la njiani kaskazini mwa Bunia, ambako dhahabu na vyakula hupishana.

Nimelificha hadi hapa jambo lililo moyoni mwangu. Huku kwetu, kuuliza kumekuwa hatari. Tangu vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu Desemba 2017, swali linaloulizwa sana barabarani ni hili: wewe ni wa upande gani? Watu wamekufa kwa jibu lake. Ufundi ninaousifu unauliza swali jingine kabisa: unauza nini, na nani anakununulia? Kabla ya vita, mkulima alihitaji maziwa ya mfugaji, mfugaji alihitaji muhogo wa mkulima, na wote wawili walikutana sokoni. Mtu akiandika majibu hayo kwa uaminifu, kijiji kwa kijiji, ataonyesha kwa tarakimu kile ambacho wazee husema kwa machozi, kwamba tulikuwa tukilishana. Sijui kazi yoyote ya uchumi yenye heshima kupita hiyo.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa vijana wanaosoma uchumi katika vyuo vya Bunia, na kwa wale walioko Kyangwali na Kampala ambao siku moja watarudi. Ninyi mnalo jicho la mgeni, maana mmehama, na mnayo lugha ya mwenyeji. Singer alikuwa na la kwanza tu, na ilimbidi aliombe la pili mlangoni kwa watu. Msingoje ofisi wala mfadhili. Chagueni kitu kimoja, gunia la viazi, ndoo ya samaki, gramu ya dhahabu, mkifuate kwa mwaka mmoja kutoka mkono hadi mkono, na muandike kila bei na kila ushuru. Upepo ukija, subirini upite. Mkono ukitetemeka, anzeni upya.